Bondia wa Kitui Aliyevua Glavu

Anayetoka Mombasa kwenda Kitui siku hizi huiacha barabara kuu pale Kibwezi, akakata kulia kuingia kwenye mibuyu na mashamba ya mkonge. Baada ya hapo ni kuvuka Mto Athi, kupanda na kushuka uwanda wa Yatta, kisha Ikutha, Mutomo, Ikanga, hadi Kitui mjini. Mto ndio unaozitenga kaunti mbili: ng'ambo hii Makueni, ng'ambo ile Kitui. Lami ni ya juzi tu. Njia yenyewe ilikuwapo kabla ya reli, na kabla Nairobi haijawa mji.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kikamba walishusha pembe za ndovu pwani kwa kupita nyika hii. Mashuhuri kati yao alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, mtu ambaye misafara yake ilijulikana Mombasa. Novemba 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai, akapita Kikumbulyu, nchi ya Kibwezi ya leo, akafika kwa Kivoi. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya ukiwa na theluji, habari ambayo wasomi wa Ulaya waliipokea kwa kejeli. Agosti 1851 Kivoi aliuawa njiani karibu na Mto Tana, na Krapf aliyekuwa naye akarudi kwa miguu, njaa na kiu vikimwandama. Kisha ikaja reli. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikapitia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Kitui ikabaki pembeni, na njia ya misafara ikaota nyasi.

Sikuifuata njia hii kwa ajili ya Krapf, ambaye amekwisha kuandikwa vya kutosha. Nilimfuata Benson Masya, aliyezaliwa Kitui tarehe 14 Mei 1970, na ambaye mwaka 1992 alikuwa mwanamume wa kwanza kuitwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni.

Kuna kishawishi hapa, na msomaji tayari ameshakiona: kuwaunganisha wapagazi wa Kivoi na mwanariadha wa miaka 140 baadaye, tuseme miguu ya Wakamba ilianza mazoezi zamani. Ni hadithi tamu, na watangazaji wa michezo wanazipenda hadithi za namna hiyo. Mimi siiamini hata kidogo. Masya hakuanza na mbio. Alianza na ndondi, na alikuwa bondia wa uzani wa bantam. Kama damu ya misafara ndiyo iliyomkimbiza, ilichelewa sana kumwambia.

Na si ajabu kwamba kijana wa Kitui wa miaka ya 1980 aliona ulingo kabla ya barabara. Kenya ya wakati huo ilikuwa nchi ya ndondi. Philip Waruinge alikuwa amerudi na medali ya shaba kutoka Mexico 1968 na ya fedha kutoka Munich 1972. Stephen Muchoki alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978. Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka 1987, uwanja wa Kasarani ukiwa bado unanuka rangi, mabondia wa Kenya walizoa dhahabu hadi wageni wakachoka kusimama kwa wimbo wa taifa letu. Mwaka uliofuata Robert Wangila akaenda Seoul, akashinda dhahabu ya Olimpiki katika uzani wa welter. Chris Sande akaongeza shaba. Masya alikuwa na miaka 18. Kijana wa umri huo mwenye ngumi nyepesi na pumzi nyingi angetamani kuwa nani, kama si Wangila?

Ila ndondi za ridhaa zilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulionekana mapema. Zilimpa bondia kombe, cheti, tiketi ya ndege ya kwenda michuano, na akibahatika, kazi katika jeshi, polisi, magereza au shirika la umma lenye timu. Aliyetaka pesa ilimbidi aende ng'ambo akapigane ngumi za kulipwa. Wangila alikwenda. Julai 1994 alipigwa Las Vegas na David Gonzales, akafa kwa majeraha ya pambano hilo. Na tangu Seoul hakuna bondia wa Kenya aliyerudi na medali ya Olimpiki.

Upande wa pili mlango ulikuwa unafunguka. Mwaka 1982 shirikisho la riadha duniani lililegeza kanuni za ridhaa, wanariadha wakaruhusiwa kupokea fedha kupitia mifuko ya amana. Miaka michache baadaye mbio za barabarani zilikuwa zinalipa waziwazi. Ibrahim Hussein, Mnandi, alishinda marathoni ya Honolulu mara tatu mfululizo kuanzia 1985, akashinda New York 1987 na Boston 1988. Wakenya wakajua kwamba marathoni nayo ni mali yao, wala si mbio za uwanjani peke yake.

Na Wakamba walikuwa wamekwisha kupita huko, jambo ambalo kwa maoni yangu halisemwi inavyostahili. Mwaka 1983 Joseph Nzau alishinda Chicago kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 44, akimtangulia Mwingereza Hugh Jones kwa nusu sekunde baada ya kilomita 42. Michael Musyoki alipata shaba ya mita 10,000 Los Angeles mwaka 1984, na mwaka 1986 akawa Mkenya wa kwanza kushinda Great North Run, zile mbio za kutoka Newcastle hadi ufukweni South Shields zilizoanzishwa mwaka 1981 na Brendan Foster. Alitumia dakika 60 na sekunde 43, kasi ambayo nusu marathoni ya wakati ule haikuwa imeizoea. Nzau na Musyoki walipokuwa wakikimbia, Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilitengwa mwaka 1992 tu. Basi anayetafuta historia ya riadha ya milima ya Mbooni na Kilungu kule Makueni katika kumbukumbu za zamani ataikuta imevaa jina la Machakos.

Bondia anahamaje kwenda kwenye mbio? Kuna watu husikia habari hii wakashangaa kana kwamba fundi seremala ameamka daktari. Lakini hebu tazama siku ya bondia. Anaamka alfajiri kukimbia barabarani kutafuta pumzi, maana raundi ya tatu haishindwi kwa ngumi bali kwa mapafu. Anaruka kamba. Anachunga uzito kwa nidhamu ya mfungaji Ramadhani: bantam wa ridhaa hakuruhusiwa kuzidi kilo 54. Mkimbiaji wa masafa marefu naye anahitaji mwili huo huo, mwepesi, usio na nyama ya ziada. Masya hakulazimika kujenga mwili mpya. Aliacha sehemu moja ya kazi yake, ile ya kupigwa, akabaki na ile ya alfajiri.

Wamarekani wana hadithi yao ya aina hii na wameisimulia hadi imechakaa. Tim Tebow alikuwa kiongozi wa mashambulizi katika kandanda yao ya mpira wa yai, akashinda tuzo kubwa ya vyuo vikuu, Heisman, mwaka 2007. Alipofika kwa wanaolipwa mkono wake ukakosa uhakika, timu zikamwacha moja baada ya nyingine. Septemba 2016 akasaini na klabu ya besiboli ya New York Mets, akiwa na miaka 29. Alihangaika katika ligi za chini hadi akastaafu Februari 2021 bila kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Kila hatua yake ilikuwa na kamera. Masya alihama bila kamera, na akafika alikokusudia.

Alifika mwaka 1991. Alikuwa na miaka 21 aliposhinda Great North Run kwa dakika 61 na sekunde 28. Desemba mwaka huo akashinda Honolulu. Kisha likaja jambo kubwa zaidi: tarehe 20 Septemba 1992 Newcastle iliandaa mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya nusu marathoni, katika njia ile ile aliyokuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Masya alimaliza kwa dakika 60 na sekunde 24. Antonio Silio wa Argentina alifika sekunde 16 nyuma yake, na wa tatu akawa Mtanzania, Boay Akonay, kwa dakika 60 na sekunde 45. Kenya ilitwaa pia dhahabu ya timu. Mabingwa wa dunia wa nusu marathoni wamekuwa wengi baadaye, na orodha ya wanaume inaanza na jina la Kitui.

Aliirudia Newcastle. Septemba 1994, miezi miwili hivi baada ya Wangila kufa, alishinda kwa dakika 60 na sekunde 2, na mwaka 1996 akashinda tena. Mara nne kwa jumla. Miongoni mwa wanaume rekodi hiyo ilidumu hadi Mo Farah, ambaye alihitaji kushinda mfululizo kuanzia 2014 ili ampite.

Saa nne asubuhi, kati ya Ikutha na Mutomo, nilishuka garini nikatembea kidogo. Mchanga mwekundu, michongoma, mbuzi wamejikunyata chini ya mti mmoja. Jua la hapo halina haya. Wataalamu wa riadha ya Kenya huhubiri mwinuko: Iten iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Eldoret mita 2,100, huko ndiko hewa nyembamba inakofundisha damu kazi. Mji wa Kitui uko takribani mita 1,100. Kwa hesabu hiyo Masya asingetakiwa kuwapo. Lakini Honolulu hukimbiwa katika joto lenye unyevunyevu. Ndiyo maana huanza saa kumi na moja alfajiri, giza bado limetanda. Masya aliishinda 1991, 1992 na 1994. Baada yake Jimmy Muindi aliishinda mara sita, na Patrick Ivuti 2008 na 2009. Wakamba watatu, mataji 11, mji mmoja wa joto. Sisemi kwamba jua la Ukambani ndilo lililoshinda. Nasema tu kwamba ramani ya riadha inayoishia Bonde la Ufa haiwezi kuyaeleza mataji hayo 11.

Ivuti huyu huyu ndiye aliyeshinda Chicago mwaka 2007, siku ambayo joto lilikuwa kali hadi waandaaji wakayasimamisha mashindano kwa waliokuwa nyuma. Alimpiku Jaouad Gharib wa Morocco kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mji ule ule ambako Nzau alishinda kwa nusu sekunde miaka 24 nyuma. Sadfa, bila shaka, lakini ni sadfa inayonifurahisha.

Mchango wa Masya haukuishia kwenye mataji yake. Desemba 1992 Cosmas Ndeti wa Machakos alikwenda Honolulu kumwekea kasi. Kazi ya mwekaji kasi ni kuvuta wenzake kisha kujitoa. Ndeti hakujitoa, akamaliza wa pili nyuma ya Masya. Miezi minne baadaye alikuwa bingwa wa Boston. Alishinda tena 1994, akiweka rekodi ya njia ya saa 2 dakika 7 na sekunde 15, na mara ya tatu 1995. Huo ndio ukoo wenyewe, na haujengwi na damu. Mmoja anamwona mwenzake amerudi na hundi, anauliza alipitia wapi. Ukiufuata mbele unamfikia Patrick Makau, kijana wa Tala, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin tarehe 25 Septemba 2011 kwa saa 2 dakika 3 na sekunde 38.

Masya hakuyaona hayo. Alifariki Septemba 2003, akiwa na miaka 33. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu ushindi wake wa mwisho Newcastle.

Tarehe 20 Oktoba 2025 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika Kitui, katika uwanja wa Ithookwe. Kwangu, mji huo una shujaa mmoja wa michezo anayewazidi wote, na watoto wanaofanya mazoezi Ithookwe wanastahili kumjua kwa jina, kwa tarehe na kwa muda wake wa mbio. Matokeo ya Newcastle na Honolulu yamehifadhiwa na wenyewe kule. Miaka ya ndondi ndiyo iliyo hatarini, kwa kuwa iko vichwani mwa wazee na katika masanduku ya bati. Kama nyumbani kwenu, iwe Kitui, Mutomo, Wote au Kibwezi, kuna picha ya kijana mwembamba mwenye glavu, kipande cha gazeti la 1991, au mzee aliyewahi kupanda naye ulingoni, andikeni maneno yake na mpeleke nakala kwenye maktaba ya shule iliyo karibu. Fanyeni hivyo mwaka huu.