Mount Gelai: kichwa cha treni ya mvuke kilichonusurika

Mwaka 1955 na 1956, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya treni vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester, Uingereza. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Kwa uzito wa tani 252, vilikuwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke duniani kwenye reli yenye upana wa mita 1.

Tangi la kuchemshia maji lilikaa katikati, magurudumu ya kuvuta yakiwa mbele na nyuma. Hivyo uzito uligawanyika, na kichwa kilipita kwenye kona bila shida. Kilichoma mafuta mazito na kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda Nairobi.

Dizeli ilipoenea, vingi viliishia kuwa chuma chakavu. Vimebaki viwili, Mount Gelai namba 5918 na Mount Shengena namba 5930, katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Majina yote mawili ni ya milima ya Tanzania.

Gelai kilifufuliwa na kutembea tena. Lakini kuhifadhi si kupaka rangi tu: kutu hula mabomba ndani, na mafundi wa mvuke wanazeeka. Wasiporithisha ujuzi wao, litabaki umbo tu.