Kwa nini mpiga gita wa kanisa ajifunze modi?

Katika ibada zetu, mara nyingi wimbo huanza bila chombo. Mama mmoja anaanzisha, kusanyiko linaitikia, ndipo mpiga gita anatafuta sauti yao. Kama anajua gama moja tu, ile ya do, atavuta kila wimbo huko. Waimbaji wanakwenda njia yao, gita njia yake, na wazee wananyamaza. Ndiyo sababu tunawahimiza ndugu zetu wajifunze modi.

Modi ni nini? Ni nota zilezile saba, lakini nyumba inabadilika. Nyumba ni nota ambayo wimbo unarudi kupumzika. Nyumba ikiwa do, tunapata gama kubwa tuliyoizoea. Ikiwa re, ni doriani, mi, frigiani, fa, lidiani, sol, miksolidiani, la, eoliani, yaani gama ndogo ya asili, si, lokriani, ambayo hutumika mara chache.

Jambo hili si geni kwa Waprotestanti. Mwaka 1524 Martin Luther alitoa wimbo wake wa Zaburi ya 130, na sauti yake ni ya frigiani. Zaburi za Geneva, zilizokamilika mwaka 1562, nazo zina sauti nyingi za modi.

Jaribuni hivi. Pigeni uzi wa re bila kuubonyeza, uendelee kulia. Kwenye uzi wa sol, bonyezeni nafasi ya pili, mpate la, kisha ya nne, mpate si. Hiyo ni ladha ya doriani. Sasa badala ya nafasi ya nne bonyezeni ya tatu, yaani si bemoli: mmeingia gama ndogo ya asili. Nota moja tu imebadilika, lakini moyo wa wimbo umebadilika pia.

Faida inaonekana kwenye akordi. Tuseme kusanyiko linaimba wimbo ambao nyumba yake ni sol, nao wanaimba fa ya kawaida. Ukipiga Re kubwa, yenye fa dieze, mtagongana. Ukipiga Fa kubwa na Do kubwa, kisha ukarudi Sol, utawabeba. Kadhalika kwenye doriani ya re, Re ndogo na Sol kubwa zinatosha kuanza.

Modi hazimalizi yote. Nyimbo nyingi za vijiji vyetu zina nota tano tu, na hapo akordi chache zinafaa kuliko nyingi. Kwa hiyo kwanza sikiliza, tafuta nyumba, ndipo upige.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:7, anasema kwamba chombo kisipotofautisha sauti, hakuna atakayejua kinachopigwa. Mpiga gita anayejua modi hamfundishi mama yule kuimba upya. Anamfuata hadi nyumbani kwa wimbo wake, na kanisa lote linaimba pamoja.