Hofu ya Jirani kwa Mbwa

Wasikilizaji wa Uyole, jirani akimkimbia mbwa wako usimcheke. Hofu hiyo ni ya kale, nayo ina sababu. Hapo zamani aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hakuwa na tabibu wa kumwokoa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyejeruhiwa vibaya na mbwa, naye hakuugua. Kwa jirani zetu wa Kenya ugonjwa ulithibitishwa mwaka 1912, katika mbwa wa Nairobi. Lakini dalili zikisha kuonekana, chanjo haifai kitu. Basi jeraha huoshwa papo hapo kwa maji na sabuni, dakika 15, ndipo hospitali. Naye mwenye mbwa humchanja kila mwaka, na mchana humfunga kamba.