Mtungi wa Umeme Chini ya Bahari

Msomaji, chukua betri, rezista na kapasita tupu, uviunganishe kwa waya na swichi. Je, ukifunga swichi hiyo ili umeme upite, hutokea nini? Wengi hudhani kwamba kapasita hujaa papo hapo. Sivyo. Mkondo huanza kwa nguvu, kwa kuwa kapasita tupu haina cha kushindana na betri. Lakini kadiri inavyojaa, ndivyo inavyousukuma umeme urudi nyuma, na mkondo hufifia. Ikiwa rezista ni ya omu 10,000 na kapasita ni ya mikrofaradi 1,000, baada ya sekunde 10 kapasita itakuwa imejaa sehemu 63 tu katika 100. Muda huo ni mfupi, lakini walikuwako watu walioudharau, wakapata hasara kubwa.

Kapasita ya kwanza ilikuwa chupa. Mwaka 1745 von Kleist, na baada yake kidogo Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua kwamba chupa ya kioo yaweza kuweka akiba ya umeme. Mwaka 1746 Nollet aliwapanga askari 180 mbele ya mfalme wa Ufaransa, wameshikana mikono. Chupa ilipomwaga umeme wake, wote waliruka kwa pamoja. Chupa ile ilikuwa ndogo, kwa hiyo ilimwagika kufumba na kufumbua.

Je, chupa ingekuwa na urefu wa bahari? Tarehe 5 Agosti 1858 waya wa telegrafu wenye urefu wa zaidi ya kilometa 3,000 uliunganisha Ireland na Newfoundland. Ndani yake mlikuwa na shaba, iliyofunikwa kwa utomvu mgumu wa mti uitwao gatapacha; nje yake, maji ya bahari. Tazama: vipitisha umeme viwili, na kizuizi katikati. Waya wote ulikuwa kapasita moja kubwa mno, na shaba yenyewe ndiyo iliyokuwa rezista.

William Thomson, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, alikwisha kuonya mwaka 1855 kwamba urefu wa waya ukizidi mara mbili, ucheleweshaji huzidi mara nne. Wildman Whitehouse, mkuu wa mambo ya umeme katika kampuni yenye waya, hakukubali. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98 tu, zilichukua saa 16 kufika. Whitehouse alitia msukumo wa volti zipatazo 2,000, akidhani nguvu itashinda. Waya, ambao tangu mwanzo ulikuwa na kasoro, ukaharibika, na kabla ya mwaka kwisha ukanyamaza kabisa.

Mwaka 1866 waya mwingine ulifaulu. Shaba yake ilikuwa nene zaidi, na kifuniko chake kinene zaidi, kama hesabu za Thomson zilivyotaka. Kwa elimu hiyo nyaya zilienea duniani, hata mwaka 1879 mmoja ukafika Unguja kutoka Aden.

Basi, ufungapo swichi katika maabara ya shule yako, tazama mshale wa mita ukipanda upesi, kisha polepole. Kapasita haikosi utii. Yafuata kanuni yake. Asiyeijua kanuni huongeza nguvu, na aijuaye hurekebisha chombo.