Mlango wa Hospitali na Mlango wa Nyumba: Familia katika Historia ya Matunzo ya Wagonjwa wa Akili Tanzania Bara, 1904–2013

Utangulizi

Historia ya huduma za afya ya akili Tanzania Bara imeandikwa zaidi kutoka upande mmoja wa lango. Wanaoonekana katika kumbukumbu ni wale waliolipita lango la hospitali: jina, jinsia, mahali alikotoka, siku aliyopokelewa, siku aliyoruhusiwa au kufariki. Waliobaki majumbani hawana jalada. Waliowaosha, waliowalisha, waliowatafuta porini walipopotea na waliowafunga kamba waliposhindwa kuwamudu nao hawana jalada. Makala haya yanahoji kwamba pengo hilo halikutokana na uzembe wa utunzaji wa nyaraka pekee. Namna ya kuhesabu wagonjwa ndiyo iliyoamua nani aonekane kuwa anahitaji msaada, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hesabu hiyo ilifanyika mlangoni mwa hospitali. Familia ilichukuliwa kuwa ipo, inatosha, na haigharimu kitu.

Istilahi "ugonjwa wa akili" inatumika hapa kwa upana uliozoeleka katika kliniki za nchini, ambako mwenye kifafa huhudumiwa pamoja na mwenye skizofrenia. Dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hasa uzeeni, imejumuishwa kwa sababu inaonesha hoja kuu kwa uwazi kuliko maradhi mengine: ni ugonjwa ambao karibu historia yake yote imepita ndani ya nyumba.

Lutindi na Mirembe

Kituo cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki kilianzishwa Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904. Mahali hapo palikuwa pamejengwa mwaka 1896 na wamisionari wa Kijerumani ili kuwahifadhi watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Misheni hiyo ilikuwa na uhusiano wa karibu na Bethel, karibu na Bielefeld, kituo kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa na kukuzwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Kutoka huko lilikuja wazo kwamba mgonjwa anahitaji kazi, ibada na maisha yanayofanana na ya nyumbani. Mashamba ya Lutindi yalikuwa sehemu ya tiba. Hata leo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, kazi za shamba na za mikono zina nafasi katika siku ya mgonjwa wa hapo.

Mfano wa nyumba uliofuatwa Lutindi unastahili kutazamwa kwa makini. Watoto wa kwanza wa mahali hapo walikuwa wametengwa na ukoo kwa nguvu za biashara ya watumwa; kuwajengea nyumba mbadala kulikuwa na maana. Mgonjwa wa akili aliyekuja baada yao mara nyingi alikuwa na ukoo. Jengo lilelile liliwapokea wote wawili kwa mantiki moja, kana kwamba wazimu nao ni aina ya uyatima. Wamisionari hawakuwa watu wakatili, na kwa vigezo vya wakati wao walitoa matunzo yenye utu kuliko gereza. Hata hivyo, nyumba waliyoiiga ilikuwa nyumba isiyo na ndugu.

Waingereza, baada ya kuichukua Tanganyika, walifungua hospitali ya serikali Dodoma mwaka 1927. Hospitali hiyo, Mirembe, ilitumikia eneo kubwa mno. Reli ya kati ilimfikisha mgonjwa Dodoma kutoka Tabora au Kigoma bila taabu kubwa, lakini kwa ndugu aliyeko Bukoba, Songea au Mtwara safari ya kumtazama mgonjwa ilikuwa ya siku nyingi, na nauli yake haikuwa ya mkulima wa kawaida. Umbali ukafanya kazi ambayo sheria haikuihitaji kuifanya. Mgonjwa alikatika na wa kwao, na alipopona hapakuwa na aliyejua kama bado nafasi yake ipo.

Lugha ya mitaani imehifadhi matokeo ya utaratibu huo. Mtanzania anayetaka kumtukana mwenziwe humwambia amepitiliza kituo, alipaswa kushukia Mirembe; Zanzibar watasema Kidongo Chekundu, na Nairobi watasema Mathari. Jina la hospitali limekuwa jina la aibu, na aibu hiyo haikumshika mgonjwa peke yake. Iliwashika dada zake waliokuwa wakisubiri kuposwa na kaka zake waliokuwa wakitafuta wachumba.

Hesabu za Mathari

Aliyetoa sura ya kitaaluma kwa hesabu ya mlangoni ni J. C. Carothers, tabibu aliyeisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Kwa kutumia idadi ya waliolazwa, Carothers alihitimisha kwamba magonjwa ya akili ni machache kwa Waafrika, na kwamba waliokuwa wakiishi na kufanya kazi mbali na kwao waliugua zaidi ya waliobaki vijijini. Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi yake mwaka 1953, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza saikolojia ya Mau Mau. Ubaguzi uliomo katika nadharia yake kuhusu ubongo wa Mwafrika umekwisha kukosolewa vya kutosha na hauhitaji kurudiwa hapa.

Kilichokosolewa kwa nadra ni hesabu yenyewe. Mtu aliyeugua akiwa kibarua katika shamba la mzungu au mjini hakuwa na mama wa kumfungia ndani, wala mjomba wa kumpeleka kwa mganga. Alikuwa na msimamizi na askari. Aliyeugua kijijini alikuwa na hao wote, isipokuwa askari. Takwimu za kulazwa, kwa hiyo, zilipima ukosefu wa ndugu walio karibu angalau kwa kiasi kilekile zilichopima ugonjwa. Megan Vaughan, katika kitabu chake cha mwaka 1991, ameonesha kwamba hospitali za wagonjwa wa akili katika makoloni ya Kiingereza hazikuwahi kuwakusanya wengi kama zile za Ulaya. Hoja hiyo ina upande wa pili. Kama ukoloni haukuwafungia wengi, basi wengi walitunzwa na watu wengine, na historia ya hao wengine bado haijaandikwa.

Jinsia inaongeza uzito. Waliolazwa katika hospitali za kikoloni kwa kawaida walikuwa wanaume kuliko wanawake. Matunzo ya nyumbani yalikuwa, na yangali, mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo mwanamke alipotea katika kumbukumbu mara mbili: kama mgonjwa asiyepelekwa hospitalini na kama mtunzaji asiyeulizwa.

Kijiji na zahanati

Uhuru ulibadilisha lugha ya sera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili vilianza kuanzishwa, mgonjwa akilima na kufuga huku akiendelea kupata dawa. Wazo lenyewe lilikuwa na undugu na jaribio la Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, ambako Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa katika vijiji jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake. Kilichochukuliwa kwa urahisi zaidi Tanzania ni jembe. Jembe liliafikiana na siasa ya wakati huo. Kijiji cha namna hii kilimfaa kijana mwenye nguvu ambaye maradhi yake yametulizwa na klopromazini. Hakikumfaa mama mwenye watoto wadogo, na mzee anayesahau njia ya kurudi nyumbani hakuwa na pa kuingia kabisa.

Mpango uliofuata ulikuwa wa maana zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kufuatia mwelekeo wa Alma-Ata wa mwaka 1978, serikali kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuingiza huduma za afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya. Kwa mara ya kwanza mgonjwa angeweza kufuatiliwa karibu na kwake na mhudumu aliyefunzwa. Huduma ikasogea kuelekea nyumbani. Lakini kusogeza dawa hakukuwa sawa na kumsogelea mtunzaji. Dawa zilipokosekana zahanati, mgonjwa hakurudishwa Mirembe. Alibaki palepale, na aliyebaki naye alikuwa yuleyule wa siku zote.

Familia, kwa upande wake, haikukaa ikisubiri. Utafiti wa Ngoma na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha watu waliokwenda katika vituo vya afya vya msingi jijini Dar es Salaam na waliokwenda kwa waganga wa tiba asilia. Magonjwa ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi, yalionekana kwa 24% ya kundi la kwanza na 48% ya kundi la pili. Wapangaji wa sera wamezoea kuita mwenendo huu ujinga. Tafsiri yenye mashiko zaidi ni kwamba mganga humpokea mgonjwa pamoja na waliomleta, na huzungumza nao kuhusu jambo lililoisibu nyumba nzima.

Mlangoni mwa nyumba

Mahenge panatoa mfano wa mapema wa hesabu ya aina nyingine. Karibu na mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa wakila peke yao na kulala kando, kwa hofu kwamba mate yao yanaambukiza, na wengi wakiwa na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa anayeanguka jikoni akitokwa na povu hakuthubutu mtu kumgusa. Dawa iliyotumika, fenobabitoni, ilikuwa ya bei nafuu. Degedege zilipopungua, hofu nayo ilianza kulegea, na baadhi ya wagonjwa wakarudi kwenye sinia moja na wenzao. Sehemu hii ya habari za Mahenge hutajwa kwa ufupi katika maandishi ya kitabibu. Kwa mwanahistoria ndiyo kiini, kwa sababu inaonesha kwamba ukatili wa nyumbani ulikuwa na sababu zake, na kwamba sababu hizo ziliweza kuondolewa.

Ni muhimu kulisema hili bila kupaka rangi. Familia iliyosahauliwa na kumbukumbu si lazima iwe familia njema. Kamba, minyororo na chumba cha uani vimo katika historia hii. Hata hivyo, kumlaumu aliyefunga kamba bila kuuliza alikuwa na njia gani nyingine ni kuirudia hesabu ya mlangoni kwa sauti ya maadili.

Miongo mitatu baadaye, utafiti wa Rwiza na wenzake uliochapishwa mwaka 1992 ulipita nyumba kwa nyumba wilayani Ulanga, yalipo Mahenge, kwa watu wapatao 18,000, na kukuta kifafa kwa kiwango cha watu 10.2 katika kila 1,000. Hakuna daftari la hospitali ambalo lingeweza kutoa tarakimu hiyo.

Mwaka 2008 Sheria ya Afya ya Akili iliiondoa sheria ya magonjwa ya akili iliyorithiwa kutoka ukoloni. Desturi ya sheria ya Kiingereza, tangu sheria yao ya mwaka 1890, ilimwona ndugu kama mwombaji anayetia sahihi ili mgonjwa apokelewe. Lugha imebadilika na haki za mgonjwa zimepata nafasi, lakini ndugu angali anaonekana zaidi katika hatua ya kumleta mgonjwa kuliko katika miaka ya kukaa naye.

Wakati sheria hiyo ikianza kutumika, watafiti walipita katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakiwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha dimensia kwa 6.4% baada ya kurekebisha kwa umri. Katika familia nyingi za huko hali hiyo ilihesabiwa kuwa uzee tu: mzee amerudi utotoni, na mtoto hapelekwi hospitali kwa sababu ni mtoto. Kipimo kilichotumika kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa maswali kwa mzee mwenyewe. Ya pili ilikuwa maswali kwa ndugu anayemfahamu: je, husahau alikoweka vitu, hupotea katika kijiji chake mwenyewe, hushindwa kuvaa au kula bila msaada? Maarifa ya binti, mke au mkazamwana yakaingia katika takwimu, zaidi ya miaka 100 baada ya Lutindi. Maswali yote ya sehemu hiyo yalimhusu mzee. Hakuna lililomhusu yule aliyekuwa akiyajibu.