Kitako cha Gorogoro

Kwa asiyeijua, gorogoro ni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ambao mafuta yakiisha hugeuka kipimo cha nafaka. Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, ambako mama yangu aliuza maharagwe na njahi, hila iliyojulikana na kila mtu ilikuwa kukigonga kitako cha mkebe kwa jiwe mpaka kibonyee ndani. Ukiutazama kwa juu huoni kitu. Muuzaji anajaza, anarundika mpaka punje zinamwagika, kisha anatupia konzi moja zaidi: "Hii ni ya mtoto." Unaondoka ukishukuru, kumbe konzi ile ilikuwa yako tangu mwanzo.

Mama naye alikuwa na maneno matamu. Alianza na salamu ya Kimeru, "Muga!", akauliza hali ya nyumbani, akamwita mteja kwa jina la kifungua mimba wake. Ilikuwa biashara, na mteja alijua ni biashara. Lakini mama akienda kununua kwa wenzake, aliingiza mkono ndani ya mkebe kabla haujajazwa. Mwenye gorogoro nzima alicheka. Mwenye iliyobonyezwa alianza kueleza undugu.

Madukani mambo yalikuwa mengine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ndiyo iliyopanga bei ya unga, sukari na maziwa, kwa hiyo mwenye duka hakuwa na bei ya kukuficha. Alichoweza kuficha ni bidhaa yenyewe. Sukari ikiadimika, iliingia chini ya kaunta ikawangoja "watu wake", na hata hao wakati mwingine waliuziwa pamoja na kitu wasichokihitaji. Hapo urafiki ulikuwa na thamani ya shilingi kamili. Aliyekuandika kwenye daftari la mkopo alikuwa rafiki yako kweli, na pia alikuwa amekufunga: ungeendaje kununua kwa jirani yake huku deni lako liko pale?

Kisha kukaja DECI. Huu ulikuwa mradi wa piramidi ulioenezwa na wachungaji, watu wakaambiwa wanapanda mbegu, na kufikia 2007 miradi ya aina hiyo ilikuwa imeporomoka kote nchini na akiba za watu ndani yake. Sioni haja ya kueleza zaidi. Karibu kila kanisa lina mzee anayejua habari hiyo. Neno la upendo lilikuwa limetangulia, hesabu haikuonyeshwa.

Leo naishi Kaaga, hapahapa Meru. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912, na misheni yao ya hapa ikazaa shule, kisha Chuo Kikuu cha Kenya Methodist kilichopata hati yake mwaka 2006. Penye wanafunzi pana chipsi, saluni na vyumba vya kupanga, na siku hizi kila kibanda kina ukurasa wake Facebook au TikTok. Kuna saluni moja, jina nalihifadhi, inayoandika: "Familia yetu ya Kaaga, tunawapenda! Ofa ya kusuka inaisha LEO." Leo hiyo imekuwa ikiisha wiki baada ya wiki. Chini yake msichana anauliza bei, anajibiwa kwa kopakopa mbili na "njoo inboksi, mrembo."

"Familia" hainisumbui, ni "Muga" ya mama imebadilisha nguo. Kinachonisumbua ni ile leo isiyoisha, kwa sababu inamharakisha mtu asifikiri, na ile bei inayopelekwa faraghani, ambako kila mteja anaweza kutajiwa yake. Mkono hauwezi kuingia kwenye simu, ila kurudi nyuma kwenye posti za mwezi uliopita ni kazi ya dakika moja, na pale utaona kitako.

Picha nazo zitazamwe. Mteja anayetabasamu kwenye tangazo, je, aliulizwa? Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha juu ya bidhaa na huduma, hata yakiandikwa kwa mapenzi.

Basi jirani zangu wa Kaaga mnaouza mitandaoni, waiteni watu familia mkipenda, lakini andikeni bei na tarehe ambayo ofa inaisha kweli. Nawe mnunuzi, uliza bei palepale chini ya posti, watu wote wakiona. Usipojibiwa hapo, nenda duka la pili.