Maji ya Mlimani

Zamani katika vijiji vingi vya Malawi akina mama walikwenda mbali kuteka maji ya madimbwi, na watoto wakaugua matumbo. Hata mwaka 1968 huko Chingale kazi mpya ilianza. Serikali na wafadhili walitoa mabomba na mafundi. Bali mitaro waliichimba wenyeji, waume kwa wake, pasipo ujira. Kisha kazi ikaenea hata Mulanje. Maji yalikingwa juu mlimani, yakateremka yenyewe hata vijijini, bila mashine wala mafuta, na kamati za wenyeji zikayalinda mabomba. Basi twajifunza neno hili: mgeni aweza kuleta bomba, lakini maji hudumu pale wanywao waliposhika jembe, nao wasichoke kulitunza.